Mawifi wanacheka Kiswahili changu, na mume wangu anataka nizungumze Kifaransa

Mpendwa mshauri,

Ninakuandikia nikiwa Temeke, Dar es Salaam. Nilizaliwa Lubumbashi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kwa upande wa mama asili yetu ni Kasongo, huko Maniema, ambako ukoo wetu umekuwa wa Kiislamu tangu zama za misafara. Mume wangu ni mtu wa Tanga. Tulijuana kwetu wakati alipokuwa akifuatilia malori ya kampuni yake yanayobeba mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam kupitia Tunduma hadi Kasumbalesa. Alikuja kuposa kwa adabu zote, nikaolewa kwa ridhaa ya wazazi wa pande mbili, na sasa tuna watoto wawili, mkubwa akiwa darasa la pili.

Nilipohamia huku nilijiandaa kwa mambo mengi: joto la pwani, chakula cha nazi, nyumba yenye wageni kila siku. Lugha sikuihesabu miongoni mwa shida, kwa sababu Kiswahili kwetu si lugha ya kujifunza ukubwani. Ndicho nilichobembelezewa, ndicho nilichochezea barabarani na watoto wenzangu, na Kifaransa nilikipata baadaye darasani. Sikujua kwamba nitafika mahali ambapo kila mtu anazungumza lugha yangu na bado nionekane siijui.

Siku niliyopelekwa kwa mama mkwe, Tanga, nilitoa salamu ya dini vizuri, kisha nikaongeza kwa furaha, «Jambo mama,» kama ninavyomsalimu mama yangu mzazi. Mama alinyamaza, akanitazama, akageukia shughuli zake. Wifi mmoja akauliza kwa sauti kama nimewachukulia kuwa watalii. Jioni yake niliwaona watoto wakirudi kutoka madrasa nikasema, «Batoto banakuya.» Basi hapo ndipo nilipopata jina. Mpaka leo mawifi zangu wananiita Mama Banakuya, na kila tukikusanyika lazima awepo atakayeniomba niseme neno fulani ili wacheke. Nikisema «aksanti» au «bitu» au «sombe» badala ya kisamvu, wanashikana mabega kwa kicheko.

Mume wangu si mtu mbaya, ananipenda na ananitunza, lakini ananisahihisha mbele ya watu. Nikiwa katikati ya maelezo ananikatiza kwa neno lililo sahihi, wageni wanatabasamu, nami ninasahau hata nilichotaka kusema. Siku hizi wageni wakija ninaandaa chai na kubaki jikoni. Nimesikia kwamba baadhi ya ndugu wanasema nina maringo.

Kilichonivunja moyo hasa ni mwanangu. Aliwahi kutamka neno langu moja shuleni na wenzake wakamcheka. Tangu siku hiyo, tukiwa njiani ananiomba nisizungumze karibu na rafiki zake, sokoni anawahi kumjibu muuzaji kabla yangu, na kilipoitishwa kikao cha wazazi alimwomba baba yake aende, akasema mama atatutia aibu. Ana miaka minane.

Kuna jambo lingine ambalo silielewi. Niliwahi kuingia katika ofisi moja hapa mjini, nikajieleza kwa Kiswahili changu, nikaambiwa nisubiri pembeni. Simu yangu ikaita, ilikuwa ya kaka yangu, nikazungumza naye Kifaransa. Yule yule aliyenisimamisha akanivutia kiti, akaniita madamu na kuniuliza tena shida yangu kwa upole.

Sasa binti wa wifi yangu mkubwa anaolewa Tanga mwezi ujao, nami nikiwa mkaza mjomba nimepangiwa kutoa nasaha siku ya kumfunda. Nina hofu ya kuchekwa mbele ya ukoo mzima. Mume wangu amependekeza nizungumze Kifaransa na yeye atafsiri, kwa kuwa, asemavyo, kwa Kifaransa watu watanisikiliza kwa heshima. Mwenyewe ninafikiri ni heri niseme ninaumwa nisiende. Kuandika Kiswahili cha vitabu nimekwisha jifunza, kama unavyoona, lakini kinachonitoka mdomoni ni kile nilichozaliwa nacho, na najua ni kibovu. Je, nikubali Kifaransa, ninyamaze, au nifanye nini? Na mwanangu nimrudisheje kwangu?

Mkaza Mjomba,
Temeke

*

Dada yangu,

Jibu la swali lako kuhusu shughuli nalitanguliza, kwa kuwa siku iko karibu: usitoe nasaha kwa Kifaransa, na usijifanye mgonjwa. Anayefundwa ni binti yenu, na maneno ya mkaza mjomba yanapaswa kumfikia kutoka kinywani mwa mkaza mjomba. Yakipitia kwa mwanamume anayetafsiri, tena katika mkusanyiko wa wanawake ambamo mwanamume hana nafasi, hayatakuwa nasaha tena, yatakuwa maonyesho. Mumeo amelisahau hilo kwa sababu ya hamu ya kukukinga. Watu watapiga makofi, sina shaka, lakini watakuwa wamempigia makofi mgeni kutoka mbali, na barua yako yote ni ya mtu aliyechoka kuwa mgeni.

Ulichokiona pale ofisini kinahusiana na hili moja kwa moja. Kifaransa chako hapa hakuna anayekijua kiasi cha kukipima, kwa hiyo msikilizaji anabaki kukiheshimu kwa mbali, kama tulivyozoea kuziheshimu lugha za waliotutawala hata pale zinapotumika kutunyima kuelewa. Kiswahili chako, kinyume chake, kila mtu anajiona hakimu wake. Kwa kuwa anakuelewa karibu yote, ile sehemu ndogo asiyoizoea anaiona kuwa kosa, haimpitikii kwamba huenda ni desturi ya mahali pengine. Ndiyo maana mzungumzaji wa lugha jirani huchekwa kuliko mgeni kabisa. Kile kiti ulichovutiwa ni kiti cha mgeni. Mwenye nyumba hupewa kitu kingine, nacho ni haki ya kusema kwa lugha yake na kusikilizwa, na hiyo ndiyo unayoitafuta Tanga.

Neno lililoniumiza zaidi katika barua yako si la mawifi zako, ni lile ulilolisema mwenyewe mwishoni, kwamba Kiswahili chako ni kibovu. Ningependa tukae hapo kidogo, kwa sababu ukiingia katika ile shughuli ukiwa na imani hiyo, hata ukitamka kila neno kama mtangazaji wa redio, sauti yako itaomba msamaha.

Kiswahili kilifika kwenu kwa njia zinazojulikana. Wafanyabiashara na wapagazi wa misafara walitoka Unguja na Bagamoyo, wakapita Tabora na Ujiji, wakavuka Ziwa Tanganyika hadi Nyangwe na Kasongo, mji wa wazee wako, ambako Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja, alikuwa na ngome yake. Upande wa kusini, Msiri aliyetoka Unyamwezi alisimamisha utawala wake Bunkeya na kuushika hadi alipouawa mwaka 1891. Kisha ikaja shaba. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, mji wa Elisabethville, ambao ndio Lubumbashi ya leo, ukaanzishwa mwaka 1910, na wafanyakazi wakakusanywa kutoka kwa Waluba, Wabemba, watu wa Kasai, na baadaye hata Rwanda na Burundi. Walihitaji lugha moja ya kambini na sokoni, Kiswahili kikawa hiyo. Walikizungumza kwa masikio na ndimi za lugha zao, na ndipo zilipoingia hizo «ba» na «bi» unazochekwa nazo, ambazo katika lugha zile ni sarufi kamili yenye kanuni zake. Watoto wao walizaliwa humo, wakazaa wengine. Lugha iliyolea vizazi vya mji mzima, ikafanyiwa ndani yake posa na maziko na mashauri ya ardhi, haiwi mbovu kwa sababu haifanani na ya Chumbageni, Tanga. Katiba ya nchi yenu ya mwaka 2006 inaitaja kuwa mojawapo ya lugha 4 za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba.

Na hicho Kiswahili sanifu ambacho wengi wetu tunakitumia kuwapimia wengine hakikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, wakati wa ukoloni, na humo ndimo Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa lugha ya shule na vitabu. Kimvita cha Mombasa, ambacho Muyaka bin Haji alikitungia mashairi karne nzima kabla, kikaachwa nje. Kiamu cha Lamu kikaachwa nje. Mtu wa Lamu akisema «kuya» na «mayi» hakuna anayemcheka, tunasema ndiyo lugha ya tenzi. Wewe unasema yale yale kwa sauti ile ile, ukapewa jina la kejeli. Hata Shaaban Robert, ambaye watu wa Tanga wanajivunia kwamba alizaliwa Vibambani mwaka 1909, alitoka katika wazazi wa asili ya Kiyao. Sikupi haya ili ukabishane na mawifi zako, kwani ubishi wa historia haujapatanisha mawifi popote. Ninakupa wewe, uyajue, ulale nayo, ili usiingie chumbani ukiwa umejishusha.

Hata hivyo ipo sehemu ambayo wakwe zako wana haki, nayo sitaki kuipita juu juu. Yako mambo mawili katika barua yako yaliyochanganyika: matamshi na maneno yako kwa upande mmoja, na adabu za mahali ulipoolewa kwa upande mwingine. La kwanza hakuna mwenye haki ya kukudai uliache. La pili unadaiwa. Ulipomwambia mama mkwe «Jambo mama», ulimsalimu kwa heshima ya kwenu, nami ninajua hivyo, lakini yeye alisikia neno ambalo hapa huachiwa wageni wa hotelini, tena kutoka kwa mke wa mwanawe, tena siku ya kwanza, bila shikamoo. Hakusikia lafudhi. Alisikia kwamba hakuamkiwa. Wifi akatia kicheko juu yake, na ninavyoona jambo hilo halikuwahi kufafanuliwa hadi leo.

Kwa hiyo safari ya kwanza ni kwa mama mkwe, kabla ya shughuli, ukiwa peke yako. Mpe shikamoo yake kikamilifu, subiri marahaba yake, uulizie hali na nyumba, na mkishatulia mweleze waziwazi: «Mama, siku ile ya kwanza nilikusalimu kwa salamu ya heshima ya kwetu, sikujua kwamba hapa haifai kwa mzazi.» Usirefushe. Wazee wa pwani wanathamini sana mtu anayekuja kusawazisha jambo la zamani bila kutumwa. Vivyo hivyo na yale mengine madogo yanayobeba uzito mkubwa Tanga kuliko mgeni anavyoweza kudhani: kusema «naomba» mahali ambapo kwenu ungesema «leta» na hakuna anayeudhika, kubisha hodi na kungoja karibu hata katika nyumba uliyoizoea, kutomwingiza mtu kwenye shida yako kabla hamjajuliana hali. Mambo haya ndiyo yanayoamua kama unasikika kuwa mtu wa nyumbani, kuliko vile unavyotamka «watoto». Mtu anayeamkia vizuri kwa lafudhi ya Lubumbashi atapendwa Tanga. Anayetamka kila herufi kama kitabu na kuwapita wazee bila kuwaamkia hatapendwa, hata akiwa mzaliwa wa Ngamiani.

Ndiyo maana pia ninakusihi utoke jikoni. Kimya chako unakiona kuwa kujisitiri, lakini kwa watu wa pwani mtu asiyezungumza barazani ana lake moyoni au anajiona. Hayo maringo unayosingiziwa yametokana na kimya chenyewe.

Sasa mawifi. Hapa lazima nikueleze jambo ambalo pengine hakuna aliyekueleza, kwa sababu aliyelelewa nalo halioni. Tanzania ina utani. Mzaramo na Mnyamwezi wanataniana tangu enzi za misafara ile ile niliyoitaja, wanaambiana maneno ambayo mtu mwingine angeshitakiwa kwayo, na msibani mtani huruhusiwa mambo ambayo ndugu wa marehemu hawezi kuyafanya. Mawifi na mashemeji nao wana utani wao. Inawezekana kabisa kwamba hao mawifi, walipokupachika jina la Mama Banakuya, walidhani wanakukaribisha kwa njia wanayoijua. Lakini utani una masharti, na masharti hayo ndiyo yanayouweka mbali na dharau. La kwanza, unakwenda na kurudi: anayekutania lazima akubali kutaniwa na kicheko kimgeukie. La pili, haumfikii mtoto, kwa maana ya kumfanya amdharau mzazi wake.

Jaribu hilo la kwanza. Wakikuita Mama Banakuya, jibu papo hapo, kwa uso mkunjufu, kwa utani wa juu yao. Watu wa Tanga wana mengi ya kutaniwa, mumeo atakupa. Wakicheka pamoja nawe, umepata nafasi yako katika ukoo na jina hilo litalainika. Wakinuna, basi umejua kwamba haukuwa utani, na hapo huna sababu ya kuendelea kulivumilia. Kwa sharti la pili usijaribu chochote, sema tu. Mwendee wifi mkubwa, mama wa bi harusi, faragha, si mbele ya wadogo zake, na umwambie: «Dada, mimi mnitanie, nimekubali, lakini mwanangu ameanza kuniona aibu. Naomba mbele yake jina hilo lisitajwe.» Ukimwomba kama mzazi kwa mzazi, katika kipindi ambacho yeye mwenyewe anamtoa binti, sioni vipi akukatalie. Na akishakubali yeye, wadogo watafuata.

Kuhusu mumeo nina maneno machache tu, kwa kuwa kwa maelezo yako ni mtu wa kusikia. Mwambie mkiwa wawili kwamba kusahihishwa mbele ya wageni kunakunyamazisha, na kwamba mke aliyenyamaza ndiye anayesemwa kwa maringo. Akitaka kukufundisha neno, akufundishe chumbani. Barazani kazi yake ni kusikiliza unachosema na kukijibu, na akisikia mtu anacheka, aendelee na mazungumzo yako kama kwamba hakusikia kicheko, kwa sababu watu hupima heshima ya mke kwa jinsi mumewe anavyomsikiliza. Mwambie pia kwamba pendekezo lake la Kifaransa unalishukuru, na kwamba hulitaki.

Nimelibakiza la mtoto kwa sababu ndilo lenye uzito kuliko yote. Mwanao hakuzaliwa akikuonea haya. Amewasikia shangazi zake wakicheka, akamwona baba akisahihisha, akamwona mama akikimbilia jikoni, na kwa akili ya miaka minane akahitimisha kwamba kuna kitu kibaya kinywani mwa mama. Ukikubali ombi lake la kunyamaza njiani, utakuwa umemthibitishia. Usimkaripie pia. Endelea kuzungumza naye kwa Kiswahili chako, kwa sauti yako ya kawaida, sokoni na njiani, na akiwahi kumjibu muuzaji kwa niaba yako, mshukuru kisha ujibu mwenyewe.

Mweleze kwamba anazo namna mbili za Kiswahili, moja ya shuleni na moja ya kwa mama, na kwamba shule yake inataka ile ya kwanza kwa sababu ndiyo itakayokuja kwenye mitihani. Watoto wanaelewa hilo upesi kuliko watu wazima, na hawachanganyikiwi nalo. Mpeleke Kariakoo siku moja ukamwonyeshe Msikiti wa Manyema, umwambie kwamba jina hilo limetokana na watu wa huko kwa kina bibi yake, waliokuja kuishi hapa kabla yetu sisi sote. Mpitishe Sinza, mahali panapoitwa «kwa Remmy», umsimulie Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu katika Maniema hiyo hiyo, aliyefika Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1970, akaimba kwa Kiswahili kilichobeba sauti ya kwao, na Watanzania wakampenda mpaka kituo cha mabasi kikachukua jina lake. Mtoto anahitaji kuona kwa macho kwamba sauti ya mama yake ina watu na ina mahali katika mji anaokulia.

Kikao cha wazazi kijacho uende wewe. Mwalimu wake mweleze, ukifika mapema kabla ya wengine, kwamba mtoto alichekwa kwa neno la nyumbani. Darasa la Dar es Salaam lina watoto wa Kisukuma, Kihaya, Kimakonde na wengineo, na mwalimu mwangalifu anajua namna ya kuligeuza jambo hilo kuwa somo la siku moja ambalo kila mtoto analeta neno la kwao. Mwanao akilia kwamba utamtia aibu, uende vile vile. Atalia siku hiyo moja. Ukibaki nyumbani, ataendelea kukuficha hadi akiwa na familia yake.

Na bibi yake wa Lubumbashi apigiwe simu kila Ijumaa, mtoto azungumze naye mwenyewe bila wewe kumtafsiria. Ataongea kwa namna ya shule, bibi atajibu kwa namna ya Kongo, na wataelewana, jambo ambalo litamfundisha zaidi kuliko haya yote niliyoandika.

Turudi kwenye shughuli. Mwombe mama mkwe, ukishasawazisha naye lile la salamu, akusikilize nasaha zako siku moja kabla. Hilo litakusaidia kuliko unavyofikiri, kwa sababu akishayasikia na kuyakubali, atakuwa upande wako mle ndani, na hakuna wifi atakayemcheka mtu ambaye mama yao anamwitikia. Siku yenyewe anza kwa salamu ya dini, kisha shikamoo kwa wakubwa, na uingie katika maneno yako. Usitangulize kuomba radhi kwa ajili ya Kiswahili chako, hata kwa mzaha, kwani hapo ndipo utakapowapa ruhusa ya kucheka. Sema taratibu. Mweleze bi harusi yale ambayo mama yako wa Kasongo au shangazi zako wa Lubumbashi walikuambia wewe ulipoolewa, kwa maneno waliyoyatumia wao. Ikiwa kuna neno ambalo unajua hapa halieleweki, liseme kisha lieleze, kama vile wazee wa Tanga wanavyoeleza methali zao. Kicheko kikitokea, nyamaza mpaka kiishe, umtazame bi harusi, uendelee pale pale ulipoachia.

Kama zawadi bado hujanunua, wanawake wa huku wanavithamini sana vitenge vya Kongo, nawe una ndugu Lubumbashi na mume mwenye malori njiani. Mwagizie doti nzuri ije kabla ya siku, na utakapomkabidhi, mwambie mbele ya wote kwenu kinaitwaje na hufungwa vipi.